Neno la Kumpa Dereva wa Kitwe

Pale Tunduma, mkabala na foleni ya malori yanayovuka kwenda Zambia, kuna benchi la kahawa linalojua kila kitu isipokuwa kazi. Asubuhi hiyo alilikalia Clever, dereva bodaboda mwenye mdomo mkubwa kuliko injini yake, na kwa mara ya kwanza maneno yalikuwa yamemwishia. Mwezi uliopita alianguka mteremkoni kule Vwawa. Dereva mmoja wa Kitwe, Zambia, akasimamisha lori, akambeba, akakaa naye hospitali mpaka akashonwa. Leo lori lile jekundu lilikuwa ng'ambo ya barabara, na Clever alikwishajitapa kwamba atamshukuru jamaa kwa neno atakalowasimulia wajukuu.

— Mpe asante, yaishe, alisema Raphaeli, aitwaye Profesa kwa sababu ya miwani tu.

— Asante nampa hata anayeniazima kiberiti. Nataka zito.

— Halafu asante ni Kiarabu, aliongeza Profesa. Maana yake umefanya vizuri. Yaani mtu kakuokoa, wewe unamsahihishia daftari.

— Muongo huyo, alidakia Felix, ambaye kijiwe kinamwita Forodha. Asante ni Waashanti wa Ghana. Walifuata dhahabu mpaka machimbo ya Saza. Wakipewa ugali, lugha hawana, wanataja kabila lao.

— Kwa miguu, kutoka Ghana?

— Bwana mdogo, enzi hizo hakukuwa na foleni.

Clever akashusha pumzi. Ng'ambo injini ziliunguruma, malori yakasogea.

— Kibemba je, lugha ya kwao? Natotela?

— Hiyo unachuchumaa na kupiga makofi, alisema Profesa. Bila hivyo ni matusi.

— Nichuchumae mbele ya tairi, Tunduma nzima inaniona?

— Ndiyo maana wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Mtoto kaingiaje hapo, Profesa?

— Ataingia tu. Kaa.

— Mimi nawaambia, hiyo asante walileta wenye maduka, alisema Forodha, ili mteja asidai nyongeza.

— Jamani, nimeomba neno moja. Moja tu.

Akafika dada mmoja mgeni, Ikupa, katokea Mbebe na ndoo ya maparachichi. Akaitua.

— Shikamooni. Nyie ndio bodaboda wa hapa?

— Marahaba. Ndio sisi.

— Kuna dereva wa lori jekundu kavuka sasa hivi. Kaniuliza kuhusu kijana aliyeanguka na pikipiki Vwawa, nikashindwa kumjibu. Eti alipona?

Clever akashika kovu kwenye paji la uso. Profesa akatazama ng'ambo: lori jekundu halikuwepo tena.