Dorothea Chilongani na Ribosomu za Mtama (1951–1998)

Anitha alipokwenda kuishi Nkuhungu kwa shangazi yake, Dorothea, jambo la kwanza aliloligundua ni ubaridi wa mikono ya shangazi huyo. Alipompa mkono wa shikamoo alidhani anaumwa. Kumbe Dorothea alikuwa ameshinda maabara akishika barafu.

Marehemu Dorothea Chilongani alizaliwa Mvumi tarehe 3 Machi 1951. Alisoma huko huko, kisha Msalato, na mwaka 1976 akahitimu shahada ya biolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1979 alifunga ndoa na Bwana Zablon Masima, karani wa reli, wakajaliwa binti, Emilia.

Alifanya kazi katika maabara ya utafiti wa mazao, Dodoma. Alitaka kujua namna mtama unavyovumilia ukame, na jibu alilitafuta kwenye ribosomu, vile viwanda vidogo mno vinavyotengeneza protini ndani ya seli. Kwa kawaida hutengwa kwa mashine inayozunguka kwa kasi kubwa sana, nayo ni ya bei kubwa; miaka ile serikali ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi, hakuna aliyethubutu kuiomba.

“Dada Dorothea, sasa utazungusha kwa mkono?” mwenzake, Charles, alimtania.

“Kwa wako, Charles. Wangu umeganda.”

Mtama wa jaribio la kwanza haukufika maabara. Mama mkwe wake, Bibi Ruthu, aliukuta nyumbani umeota vizuri kwenye beseni, akauanika, akausaga, akatengenezea togwa.

“Mama Emilia, kimea kizuri namna hii ulikuwa unamwachia nani?”

Dorothea alicheka, akanywa, akaomba kikombe kingine. Tangu hapo nyumba ilikuwa na mabeseni mawili, na la maabara lilifunikwa kitenge.

Alisaga machipukizi yakiwa ndani ya barafu, akachuja kwa kitambaa, akatia chumvi ya magnesi ili ribosomu zishikamane na kuwa nzito, kisha akazishusha kwa mashine ya kawaida ya kuzungushia sampuli za damu. Mara nyingi alipata maji matupu. Mwaka 1995 alizipata, na vipimo vilivyofanywa Morogoro vikathibitisha. Charles ndiye aliyetangulia kupiga makofi.

Aliugua saratani ya ini tangu Januari mwaka huu, akafariki hospitalini Mvumi tarehe 2 Septemba. Siku zake za mwisho alimwita Anitha, anayeikamilisha kazi hiyo kwa shahada ya pili.

“Watahini watakuuliza mashine iko wapi,” alimwambia. “Wewe waonyeshe ribosomu.”

Ameacha mume, binti, mama mkwe, na kaka yake Sostenes, baba wa Anitha. Mungu aipumzishe mikono yake.

Ijumaa, tarehe 20 Novemba, Anitha atasimama mbele ya watahini, na Bibi Ruthu ameshatenga mtama wa togwa ya siku hiyo.