Walimu wa Juu ya Tangi Wamlaki Mwalimu Mkuu Wao

Mgeni rasmi, ambaye pia ndiye Mwalimu Mkuu wetu, shikamoo.

UKARIBISHO
Karibu shuleni kwako. Watoto wa darasa la pili waliotimua mbio pale getini uwasamehe. Wamekuzoea ndani ya simu, hawakujua kwamba una miguu. Kiti ulichokalia ni chako, ingawa simu ndiyo iliyokuwa ikikikalia, na mhudumu wetu aliiandalia chai kila asubuhi mpaka tulipomkanya. Furaha tunayo, ila kuna jambo limetukaa kooni: Shangazi, kama tumwitavyo sote, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye umemfukuza kazi kwa utoro kuanzia Ijumaa.

HISTORIA
Shule hii ni ya jamii ndogo yenye lugha yake, na watoto huanza darasa la kwanza hawajui nyingine. Shangazi ni mzaliwa wa hapa. Sisi wengine tumehamishiwa tu. Tukijaribu lugha yao, watoto hushika mbavu kwa kucheka. Ulipoteuliwa ulisema utatuongoza kwa simu kutoka mjini, maana dunia imebadilika. Tukapiga makofi, jamani, bila kujua tunapigia nini.

MAFANIKIO
Umetuongoza kwa mitindo mingi. Kila ulipomaliza somo la kozi yako ya uongozi, mazoezi yalikuwa sisi. Kwenye uongozi shirikishi uliuliza, "Kuna anayepinga?" Ulikuwa umetuzima sauti sote kwenye simu, hivyo azimio likapita bila kupingwa. Kwenye uongozi wa kuhamasisha ulituamuru tucheke. Tulicheka hadi mwalimu wa hesabu akapaliwa.

CHANGAMOTO
Uliagiza kila mwalimu aonekane kwenye simu kipindi chote cha kwanza, ndipo ahesabiwe yuko kazini. Sauti hapa hupita popote, lakini mtandao wa kuonyesha sura unashika juu ya tangi la maji tu. Basi kila asubuhi tunapanda, tunashikana viuno tusianguke, nawe unatusifu: "Safi sana! Mahudhurio kamili!" Huku chini madarasa hayana mwalimu, isipokuwa la kwanza.

Shangazi alikataa katakata kupanda. "Nishike ngazi au nishike chaki?" alituuliza. "Hawa wangu nikiwaacha, nani atawaelewa?"

Ndiyo maana hujawahi kumwona, na ndiyo maana kwako ni mtoro. Sisi tuliokuwa tukila upepo umetupa vyeti vya uchapakazi. Tunaona aibu, tena sana.

MAOMBI
Tungeweza kuomba mengi, choo kikiwemo. Tunaomba moja tu. Shangazi hayupo kwenye mapokezi haya. Tulimwita, akasema watoto wako katikati ya kusoma. Kama ni lazima afukuzwe, tafadhali usitume ujumbe. Nenda mwenyewe, mlango wa pili, ukamwambie mbele ya watoto wake. Watakuuliza kwa nini, na utahitaji mtu wa kukutafsiria. Anayeweza ni yeye peke yake.

Mungu akubariki, akulinde barabarani, na akuzoeze kuja.

Ni sisi,
Walimu Wako wa Juu ya Tangi