Ubao wa Kachanga: Maisha ya Evariste Habarurema, 1961–2025

Kabla ya kusema Evariste Habarurema alizaliwa wapi, familia inalazimika kusema hakufia wapi. Hakufia majini. Alifia kitandani mwake, mtaani Himbi, hapa Goma, Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa kumi na dakika kumi alasiri. Binti yake mkubwa, Olive, alikuwa amemshika miguu kwa sababu ilikuwa imeanza kupoa, na mke wake alikuwa amemshika kichwa. Daktari aliandika sababu ya kifo na kutia sahihi. Karatasi hiyo ilikaa mezani sebuleni siku zote za matanga. Watu wawili tu ndio walioisoma. Wengine walipendelea habari walizozipata kwenye foleni ya maji.

Jumapili jioni walikuja wazee wawili wa kanisa. Walikunywa chai, wakamsifu marehemu, wakakohoa, kisha wakauliza kama ni kweli alikuwa na agano na ziwa, maana kanisa haliwezi kusali juu ya kaburi la mtu wa namna hiyo. Aliyethubutu kusema wazi ni Mama Katungu, jirani na kiongozi wa wamama wa kanisa, aliyekuwa amekuja nao.

“Mama Olive, usinikasirikie, ninauliza kama ndugu. Batu banasema muzee alikuwa anapigia maji magoti. Na tena Jumatano hii yenye imepita, bamemuona ndani ya maji na mwanamuke. Banasema ni Mamba Muntu, eko na mukia ya samaki, hana miguu.”

“Nani alitafuta miguu, kama maji yalimfika kiunoni?” mjane aliuliza.

“Ndiyo hiyo, mama. Haikuonekana.”

Mchungaji ana busara kuliko wazee wake. Alisema: andikeni ukweli, usomwe pale kaburini, nami nitasali. Basi ukweli umeandikwa na mjane, Bi. Micheline Niyitegeka, na unasomwa na mdogo wa marehemu, Josias, ambaye ameombwa asiongeze neno lake.

Evariste alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Rugari, wilaya ya Rutshuru, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Niyibizi na Mama Nyiransengimana, wakulima wa maharage na viazi. Rugari ni mlimani. Maji yake ni ya mvua, yanakingwa kwenye paa. Evariste hakuona ziwa hadi alipofika miaka kumi na mmoja, siku baba yake alipomleta Goma kuuza maharage. Alisimama ufukoni na gunia kichwani. Baba yake alimwita mara tatu, kisha akamfuata na kumpiga kofi. Mtoto hakulia. Alisema, “Papa, linatembea, lakini haliendi.” Mzee Niyibizi aliisimulia hadithi hiyo katika arusi ya mwanawe, na watu walicheka. Bibi arusi naye alicheka. Hakujua bado.

Alisoma shule ya msingi Rugari na sekondari Rutshuru, kitengo cha hesabu na fizikia, akapata diploma ya serikali mwaka 1980 kwa asilimia sabini na moja. Aliendelea Bukavu, akamaliza lisansi, yaani shahada, ya fizikia mwaka 1985. Huko ndiko alikokutana na Micheline, mwanafunzi wa Kifaransa. Barua yake ya kwanza ya uchumba ilikuwa na makosa manne. Micheline alimrudishia ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Kesho yake Evariste akaileta imenakiliwa upya, bila kosa, na chini yake ameandika: “Sasa jibu.” Walifunga ndoa tarehe 23 Julai 1988 na Mungu akawapa watoto watatu: Olive, Mahoro na Munezero.

Alifundisha fizikia Rutshuru kwa miaka tisa. Mwaka 1994 familia ilihamia Goma, na kuanzia 1999 hadi alipostaafu mwaka 2021 alikuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari hapa Himbi. Wanafunzi wake wamejaa hapa leo. Baadhi yao wana mvi. Hakuchelewa shuleni hata siku moja, hakumpiga mtoto, na hakupokea zawadi ya mzazi, hata kuku. Mtu anayetaka kuzungumza juu ya Evariste Habarurema angeanza na miaka hiyo ishirini na miwili. Lakini watu hawataki kuanza hapo. Wanataka ubao. Haya, tuseme juu ya ubao.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilimwaga moto mjini. Nyumba ya kwanza ya familia, karibu na Birere, ilifunikwa yote pamoja na kabati la vitabu alilopewa Micheline na baba yake. Moto ule uliendelea kushuka hadi ukaingia ziwani. Ulipopoa, Evariste alikwenda kuutazama pamoja na watu wote wa mji. Wengine walirudi wakihesabu walichopoteza. Yeye alirudi na furaha ambayo mke wake aliiona kuwa matusi. Alikuwa amegundua kwamba, mbele ya kipande kidogo cha ufuko wa mchanga mweusi ambacho watoto walikiita Kachanga, ulimi wa lava ulikuwa umelala chini ya maji kama ngazi. Wakati wa kiangazi, upepo wa alasiri unapotoka upande wa kisiwa cha Idjwi, mawimbi yanaikuta ngazi ile, yanainuka, yanajikunja na kukimbilia mchangani. Kwingine kote ziwani mawimbi yanapiga mawe tu. Pale yanabeba.

“Yanabeba nini?” mke wake aliuliza.

“Mutu,” alijibu.

Hawakuwa na sufuria ya pili, na mume wake anazungumza juu ya mawimbi.

Alikwenda Ndosho kwa Sibomana, fundi wa chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba viazi na makaa ya mji mzima. Alimchorea ubao mrefu na mwepesi, wa mviringo mbele. Sibomana aliugeuza mchoro juu chini.

“Prefe, magurudumu tutaweka ya mbao ao ya kununua?”

“Haina magurudumu.”

“Itatembea namna gani?”

“Itatembea na maji.”

“Basi mimi ninatengeneza, lakini miguu yako ikikatika, usiseme ni Sibomana.”

Sibomana hakuwa amewahi kutengeneza kitu kisichokuwa chukudu. Kwa hiyo alipomaliza, alipigilia juu ya ubao kile kipande cha mpira wa gurudumu ambacho kila mwendesha chukudu huwekea goti lake anaposukuma kwa mguu mwingine. Evariste alipouliza ni cha nini, fundi alishangaa: “Goti ya Prefe haiko goti ya muchukuzi. Lazima ipate mutoto ya godoro.” Lilikuwa kosa. Evariste angeweza kuling’oa kwa koleo. Hakuling’oa. Alijaribu kusimama juu ya ubao akaanguka, akajaribu tena akaanguka, kisha akaweka goti moja juu ya mpira, mguu mwingine akauacha nyuma majini kama usukani, na wimbi likambeba mpaka mchangani. Kuanzia siku ile, kila kiangazi kwa miaka ishirini na moja, mara mbili kwa juma, alipanda mawimbi ya Kachanga akiwa amepiga goti moja.

Hilo ndilo goti wanalolisema. Halikuwa la kuabudu. Lilipigwa juu ya mpira wa Sibomana, kwa sababu fundi wa Ndosho hajui ubao usio na mahali pa goti. Sibomana yuko hapa, mpira uko kwenye ubao, na ubao uko ukumbini kwa familia. Mzee wa kanisa mwenye shaka aende akapige goti lake pale, aone kama atasikia maombi yoyote.

Sasa linafuata jambo ambalo Josias aliomba lisisomwe. Litasomwa.

Micheline hakuupenda ubao ule. Ulilowesha sakafu, ulileta mchanga mashukani, na ulimfanya prefe wa shule kutembea barabarani na suruali fupi. Wanawake walimwuliza sokoni, “Mama Prefe, bwana anafanya nini kule majini?” Yeye, mwalimu wa Kifaransa, binti wa mkaguzi wa shule, hakuweza kutamka kwamba mume wake alikuwa anacheza. Mtoto anacheza. Mtu mzima mwenye lisansi hachezi. Akajibu, “Anapima ziwa.” Kila mtu anajua ziwa letu lina gesi chini na kwamba wataalamu wanalipima, kwa hiyo jibu liliaminika papo hapo. Evariste aliposikia alikasirika.

“Mama Olive, umenipa kazi ambayo siijui.”

“Afadhali kazi usiyoijua kuliko mchezo ambao kila mtu anaujua.”

Alichukua ubao wake akatoka. Hakumsahihisha mke wake mbele ya watu, mwaka ule wala miaka iliyofuata, na mke wake alichukulia kimya kile kuwa ni kukubali.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilitoka tena, na siku tano baadaye ikaja amri ya kuhama mji. Watu walikuwa wanasema moto umepita chini ya ziwa na gesi italipuka. Asubuhi ile ua wa nyumba ulijaa majirani wenye magodoro na masufuria vichwani. “Papa Prefe, wewe ndiye unapima. Tukimbie ao tubaki?” Baba mmoja alikuwa na mama yake mgongoni. Evariste alitoka, akawatazama, akasema kwa sauti ambayo mke wake aliisikia akiwa mlangoni: “Sijapima kitu hata siku moja. Mimi ninacheza tu. Amri imetoka, ondokeni.”

Hakuna aliyemwamini. Walisema anajua na anaficha. Walisema ameelewana na ziwa, ndiyo maana yeye haogopi. Waliondoka kwenda njia ya Sake, na walipopita Mugunga habari ilikuwa imekwisha kuota miguu. Sentensi moja tu ingemsafisha, na mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuitamka. Mke wake alisimama mlangoni na funguo mkononi, na hakuitamka. Alifunga nyumba, nao wakaondoka pamoja na wengine. Njiani Evariste alimbebea mfuko wake wa vitabu na hakumlaumu; lawama ingekuwa rahisi zaidi kuivumilia.

Kwa hiyo agano na ziwa halikuanzishwa na marehemu, wala na Mama Katungu. Lilianzishwa na mke wake, sokoni, kwa maneno mawili.

Ugonjwa wa moyo uligunduliwa mwezi wa Oktoba 2023. Daktari alikataza baridi, mizigo na ngazi. Micheline aliuingiza ubao depo, chumba cha kuwekea vitu, akafunga, akaweka ufunguo katika mkoba wake. Evariste hakuuomba. Mwezi wa kwanza wa 2025, mwezi wa vita ambao hakuna mtu wa Goma anayehitaji kuelezwa, dawa zilipotea na umeme ukakatika, na moyo wake haukurudi tena ulivyokuwa. Mwezi wa Julai hakuweza kufika barazani bila kupumzika mara mbili. Aliketi kitini akitazama majani ya migomba ili ajue upepo unatoka wapi.

Jumatano tarehe 6 Agosti, saa nane mchana, alisema, “Mama Olive, upepo wa leo ni muzuri.” Hakusema zaidi. Mke wake aliendelea kukunja nguo. Alikunja mashuka mawili. Kisha akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akampigia Sibomana simu.

Sibomana alikuja na chukudu yake mwenyewe. Alilaza ubao juu yake, akamketisha Prefe juu ya ubao na kumfunga kwa kitambaa cha kikwembe ili asianguke, wakashuka polepole hadi Kachanga, fundi akishika usukani na mke akitembea kando. “Prefe,” Sibomana alisema njiani, “sasa ndiyo iko na magurudumu.” Evariste alicheka mpaka ikabidi wasimame. Saa kumi na moja na nusu alikuwa amerudi nyumbani, amekauka, amekunywa uji. Alilala usiku huo vizuri kuliko usiku wowote wa mwaka huu. Siku ya tatu aliondoka kwa utulivu.

Evariste Habarurema ameacha mjane, Micheline, watoto watatu, Olive, Mahoro na Munezero, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo wake Josias na dada zake wawili wa Rugari, na wanafunzi ambao shule ina orodha yao. Hakupima ziwa. Hakuliabudu. Alikuwa mtu mwenye elimu, mwaminifu, mume wa mke mmoja, na alikuwa anacheza.

Imebaki habari ya mwanamke aliyeonekana Jumatano ile majini hadi kiunoni, ameshika ubao. Hakutoka ziwani. Alitoka hapa Himbi, ana miguu miwili yenye baridi yabisi, na alikuwa amevaa kikwembe chake cha kanisani kwa sababu hakuwa na nguo ya kuogelea na hajawahi kuwa nayo. Ni mke wa marehemu. Katika miaka ishirini na mitatu ya Kachanga, ilikuwa mara yake ya kwanza kufika. Alichomwambia mume wake pale, alichojibiwa, na kama yeye naye aliweka goti juu ya ule mpira, familia haitasema. Sibomana alikuwa mchangani. Naye ameombwa anyamaze.

Evariste na apate raha aliyoistahili. Mchungaji anaweza kuanza sala. Maswali hayapokelewi.