Mchanga Usiooshwa wa Mama Emérence

Wasikilizaji wapendwa, kabla hamjanywa maji yaliyo mkononi mwenu, hebu tukae kidogo na habari ya mama mmoja. Mama Emérence ametutoka. Alifariki Jumanne iliyopita, huko Walikale, kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa mfinyanzi. Ndiye aliyefinyanga mitungi ya kuchuja maji ambayo wengi wenu mnayo nyumbani, kutoka Walikale hadi Pinga.

Alizaliwa Masisi, mlimani, mahali ambapo maji hutoka kwenye mwamba yakiwa baridi na safi. Mwaka 1944 aliolewa na Papa Isidore, kantonye wa kutengeneza barabara, akashuka naye msituni. Huko watu walikunywa maji ya mto, mekundu kwa tope, hivyo hivyo yalivyo. Watoto walihara damu. Mama Emérence alizika wawili kabla hawajajua kutambaa.

Alilia, kisha akarudi kwenye udongo wake. Alifinyanga mtungi mkubwa, akautoboa chini. Ndani akapanga kokoto, juu yake makaa yaliyopondwa, na juu kabisa mchanga. Akamimina maji ya mto. Yalidondoka polepole kwenye chungu cha chini, meupe kabisa. Mtoto wake wa tatu, Vestine, alilelewa kwa maji hayo, akafika miaka minne bila kuhara hata siku moja. Sikilizeni vizuri: miaka minne. Majirani nao wakataka mitungi. Mmoja ulipatikana kwa mkungu wa ndizi, na asiye na ndizi alikuja kukanyaga udongo asubuhi moja.

Sasa, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, wanawake wa kijiji kile hubeba vyombo vyote hadi mtoni. Ni mashindano hasa. Ukibakiza masizi kwenye sufuria moja, utasemwa mwaka mzima. Pasaka ya mwaka 1953, Mama Emérence alitazama mtungi wake akaona utando laini wa kijani umetanda juu ya mchanga. Aliona haya. Mwenye mitungi, awe na mchanga mchafu siku ya Bwana? Akawaita wenzake. Wakamwaga mchanga wote, wakausugua kwa maji ya moto na jivu mpaka ukang'aa, wakaurudisha. Mdogo wake, Mama Annonciata, anakumbuka kwamba siku ile walicheka sana.

Hazikupita wiki mbili. Watoto tisa waliugua. Watatu walikufa. Wa tatu alikuwa Vestine.

Nyumba moja tu haikuguswa, ya Mama Hélène, mjane aliyekuwa akilea mjukuu wake. Basi watu wakakata shauri kuwa mlozi ni yeye. Walikwenda kumfukuza, na wengine walishaanza kubomoa jiko lake. Tusifiche kitu: Mama Emérence naye alikwenda, na aliamini.

Mlangoni akauona mtungi aliomfinyangia. Mchanga wake ulikuwa wa kijani. Mama Hélène alikuwa anaumwa mguu tangu Kwaresima, hakwenda mtoni. Mama Emérence akaelewa yote pale pale aliposimama. Angeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine aliyejua. Badala yake alijiweka mbele ya mjane yule.

"Mama Hélène hana kosa," alisema. "Ule uchafu wa kijani njo ulikuwa unatulindia batoto. Miye njo niliwaambia tuoshe. Vestine alikufa mu mukono yangu."

Watu walitawanyika. Papa Isidore hakugusa chakula alichopika mkewe mpaka Noeli.

Tangu hapo Mama Emérence alichukua mchanga wa Mama Hélène, konzi moja kwa kila mtungi, akiwaambia watu wachemshe maji mwezi mzima mpaka utando urudi. Alitembea kwa miguu hadi Pinga, akapanda hadi kwao Masisi. Kila alipofika alijitaja mwenyewe. Mdogo wake alimsihi aseme tu kwamba kulikuwa na mwanamke fulani. Alikataa.

"Wakisikia ni mutu fulani, Pasaka itafika wataosha," alimjibu. "Acha waniangalie mu macho."

Wasikilizaji wapendwa, tulimtembelea Papa Isidore baada ya maziko. Alisema: "Tangu Vestine afe, miaka sita nilikunywa maji yake. Nilishamusamehe zamani. Sikumuambia hata siku moja."

Papa Isidore, Mama Annonciata, na ninyi nyote wa familia, poleni sana. Mungu ampumzishe Mama Emérence karibu na watoto wake.

Nasi tuliobaki, Pasaka ni wiki ijayo. Osheni sufuria, osheni nguo, mchanga uacheni. Na kama nyumbani mwako kuna mtu anayengoja neno lako, inuka umwambie, angali anasikia.