Bi Kabla, Katibu wa Nje ya Mlango

Tarehe 14 Juni 2011, kama kumbukumbu rasmi zinavyoonyesha, kamati ya Baraza la Jimbo inayofuatilia uhusiano na serikali kuu ilikwama asubuhi nzima kwenye neno moja. Rasimu ya mkataba kati ya serikali ya jimbo na serikali kuu ilisema Baraza litaarifiwa kabla mawaziri wa pande zote hawajakutana. Kisha mtu akaongeza: "inapowezekana." Katibu wa kamati aliwashauri wajumbe walikatae neno hilo. Wakakubaliana naye, wakapeleka maoni juu, na mkataba ukarudi umetiwa saini, neno likiwa palepale. Katibu huyo ndiye tunayemzika leo. Tangu siku ile wenzake walimwita Bi Kabla.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za walimu, binti pekee wa mwalimu wa hesabu na fundi cherehani. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipochomwa sindano. Alilia njiani, alipogundua kwamba dukani alikoambiwa wanakwenda hawaendi.

Alisoma shule ya msingi alikofundisha baba yake, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1985 akahitimu shahada ya sheria. Mwaka uliofuata aliajiriwa wizarani. Baraza la Jimbo lilipoundwa mwaka 1998 alihamia huko, na mwaka 2004 akawa katibu wa kamati.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na ofisa mwenzake wa wizara, ambaye baadaye alipelekwa kwenye ofisi inayoandaa mazungumzo na serikali kuu. Walijaliwa binti na mwana. Ilikuwa nyumba yenye maneno mengi na mada moja isiyoguswa. Kazi ya mke ilikuwa kuuliza serikali mbili zimekubaliana nini. Mume alikuwa amekula kiapo cha kutosema. Bomba la jikoni lilipovuja, mume aliahidi kulitengeneza "inapowezekana", na bomba likaendelea kudondosha maji hadi watoto wakalizoea kama saa ya ukutani.

Kwa hiyo jioni ile ya Juni marehemu hakuhitaji kufanya uchunguzi. Aliweka mkoba mezani akauliza, "Baba watoto, lile neno ni lako?"

"Mama, unajua siwezi kusema."

"Basi umeshasema. Kula, chakula kinapoa."

Miaka kumi na mitatu iliyofuata haikuwezekana hata mara moja. Mawaziri walipokutana, marehemu alikaa kwenye benchi la ukumbini, akisubiri taarifa ya pamoja ambayo kila mara ilisema mazungumzo yalikuwa ya kina na ya kirafiki. Hadi alipostaafu, mumewe alikuwa ndani. Akitoka kwenda msalani, alipita mbele ya benchi akasalimia kwa adabu za kiofisi: "Habari za hapa, Bi Katibu?"

"Hapa hakuna habari, mzee. Habari ziko huko ulikotoka."

Hospitali kuu ya jimbo ilipokabidhiwa kwa serikali kuu, Baraza lilijua baada ya fundi rangi kubadilisha kibao cha getini. Mjumbe mmoja alifoka kikaoni, "Bi Katibu, tulikubali lini?" Akajibu, "Mheshimiwa, hatukukubali. Tulitaarifiwa. Na fundi rangi." Wajumbe walicheka. Yeye aliandika jibu lake kwenye kumbukumbu, akafunga faili, akarudi kwenye benchi. Mara mbili alipewa nafasi ya kuhamia idara nyingine, akakataa. Akiondoka, alisema, benchi litabaki tupu na hakuna atakayeona tofauti.

Januari mwaka huu alianza kukohoa. Tarehe 5 Aprili, katika hospitali ileile, daktari alimwita mumewe kando kwenye korido na kumweleza kwamba mapafu hayatapona. Harusi ya binti yao ilikuwa tarehe 27. Marehemu alipouliza majibu, mumewe alimwambia ni mazuri. Alicheza harusini. Siku mbili baadaye mumewe alimweleza ukweli. Ameomba mwenyewe kwamba jambo hili lisomwe hapa.

"Ulijua lini?"

"Tarehe tano."

"Ulikuwa uniambie lini?"

Mume aliinuka akalikaza bomba lililokuwa likidondosha.

"Inapowezekana," alisema marehemu, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kisha akaacha kucheka. "Hata humu ndani, baba watoto? Hata humu ndani nimekaa benchi?"

Bomba lilitengenezwa wiki hiyohiyo.

Mkataba ule unafikia ukomo mwaka huu. Mwezi Julai kamati iliamua kumwita aliyeandika rasimu aeleze neno lake limetumikaje. Marehemu alitangaza mgongano wa maslahi na kumwachia naibu wake asaini wito. Mumewe, aliyestaafu mwaka 2021, alisema kiapo hakistaafu. Marehemu hakumbembeleza. Alimwambia tu, "Bwana shahidi, viti vya pale ni vigumu. Beba mto."

Alifariki dunia Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, asubuhi, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Safari hii aliambiwa kila kitu mapema, kila dozi na kila kipimo, na alisahihisha tahajia ya jina la ugonjwa kwenye cheti cha rufaa.

Ameacha mume, binti na mkwe, mwana, wajukuu wawili, kaka zake wawili, na kamati ambayo bado haijapata katibu. Alale salama, asisubirishwe tena mlangoni.

Kamati itakutana Jumanne ijayo, tarehe 17 Septemba, saa tatu asubuhi, chumba namba nne. Shahidi ana haki ya kuomba mlango ufungwe. Jana mchana mumewe alimpigia simu naibu katibu kuthibitisha kwamba atafika. Aliulizwa kuhusu mlango. Alisema ubaki wazi.