Fundi Koki na Gita la Shemeji Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi bomba. Mtaa mzima ulimwita Fundi Koki. Ametutoka Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Ameacha mjane na binti mmoja. Binti mmoja tu, na kisa chetu kinamhusu huyo.

Fundi Koki hakujua kuimba. Mjane wake anasema sauti yake ilikuwa kama bawaba iliyokosa mafuta. Lakini shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, alikuwa na gita. Kila Jumapili alikuja, akaketi karibu na mlango, akagusa nyuzi. Mtoto alikuwa na mwaka na nusu. Akisikia gita tu, anateleza kutoka mapajani mwa baba, huyoo, mbio za kuyumbayumba hadi gotini kwa mjomba! Anatikisa makalio, anapiga makofi yasiyokutana. Nyumba nzima inacheka. Fundi Koki naye anacheka, lakini meno tu. Moyoni anawaka moto.

Wiki nzima yeye ndiye anayemwogesha. Homa ikija, yeye ndiye anayekesha. Halafu Jumapili, kwa saa moja tu, mtu anakuja kuvuna asichopanda! Hata mtoto alipoanza kusema, neno la kwanza halikuwa "baba". Lilikuwa "joba". Mjomba.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, wivu ukampanda kichwani. Jumapili moja shemeji alitoka kwenda uani kunawa mikono. Fundi Koki akachomoa koleo, akakata uzi wa gita. Mmoja tu. Shemeji aliporudi, gita likakwaruza. Mtoto alikuwa ameshainua mikono. Akasubiri. Akasubiri. Kisha akaangua kilio.

Mkewe akaliona lile koleo. "Mume wangu, unamwonea kaka yangu wivu kwa mtoto wako mwenyewe?"

"Mwanangu ananikimbia. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemwimbia, nikacheza naye."

"Kwa sauti ipi, mke wangu? Hii?"

Shemeji alibeba gita lake akaondoka bila kuaga.

Jumapili tatu hakuonekana. Nyumba ikapoa. Ndipo siku moja kazini, kipande cha bomba la chuma kikamponyoka Fundi Koki, kikaanguka sakafuni. Kikalia vizuri. Akakiokota, akakiangusha tena. Akaangusha kingine, kifupi zaidi. Hicho kikalia kwa sauti nyembamba. Jioni alirudi na vipande saba. Akavisugua kingo visimkate mtoto, akavining'iniza kwa kamba chini ya meza. Akaingia huko chini pamoja na binti yake, akampa mwiko.

Ngo! Mtoto akamtazama baba yake. Ngo, ngo! Akacheka mpaka akakaa kitako.

Binti huyo, leo naye ni mama, anatuambia: "Wengine walimwona baba akiwa mezani, anakula, anasoma gazeti. Mimi nilikuwa naye chini ya meza."

Je, wivu uliisha? Wapi! Ni kweli, alimpelekea shemeji uzi mpya, akamwomba radhi, wakapatana. Lakini shemeji aliporudi na kusema, "Hicho kipande cha tatu kipunguze kidogo kipatane na gita," alijibiwa papo hapo: "Cha tatu usikiguse. Wewe piga gita lako." Hivyo ndivyo walivyoishi miaka arobaini.

Jana msibani, shemeji huyo alituambia haya: "Alidhani mwenye wivu ni yeye peke yake. Mimi sikujaliwa mtoto. Nikishafunga gita, yeye anabaki na binti yake. Mimi nafika kwangu, nafungua mlango, kimya."

Kwa mjane, kwa binti, na kwa shemeji aliyebaki na gita lake, poleni sana. Mungu amlaze fundi wetu mahali pema.

Nanyi wenye watoto wadogo, gongeni sufuria, imbeni hata kama sauti ni mbovu. Na yule mgeni ambaye mwanenu humkimbilia mpaka roho zikawauma, leo mfikirieni. Akishawaaga, anarudi kwa nani?