Povu Si Maziwa: Maisha ya Mwalimu Nicholas Wanyama

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Kituyi, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, Mwalimu Nicholas Wanyama, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1912 huko Kimilili, akasoma shule ya misheni hapo hapo kuanzia 1922 hadi 1929, kisha akahitimu ualimu mwaka 1932.

Januari 1934 aliajiriwa katika shule ya shamba la mzungu mmoja karibu na Soy, ambako watoto wengi walikuwa wa wafanyakazi waliofuga ng'ombe wao humo shambani, na alipoona wanakariri kila makala bila kuielewa, aliwakalisha wanne wanne, mmoja asome, wa pili aulize, wa tatu akate maneno ya ziada, wa nne aseme kwa maneno yake mwenyewe, naye kazi hiyo ya kufupisha akaiita kukamua, akiwaambia kwamba povu hujaza kibuyu lakini halishibishi mtu. Watoto walilipenda neno hilo kupita kiasi, hata mzee akirefusha maneno nyumbani walinong'onezana kwamba ni povu, wakachapwa.

Alimwoa Nelima tarehe 6 Agosti 1938, wakajaliwa watoto wawili, Nasike na Simiyu.

Februari 1947 mwenye shamba alimpa tangazo refu awasomee wafanyakazi, lenye shukrani, sifa za bidii yao na habari za kupumzisha udongo, wazazi wakalipigia makofi, na kesho yake mwalimu akalipeleka darasani kama makala nyingine yoyote, ambapo kundi la Jelagat, binti wa Mzee Kipyego, lililikamua likabaki sentensi moja, kwamba ng'ombe wenu waondoke kabla ya mvua, au muondoke nao. Jelagat aliifikisha nyumbani, wazazi wakagoma, ng'ombe wakaondolewa vilevile na wenyewe wakafuata, shule ikafungwa, na kaka yangu akafukuzwa kwa uchochezi, yeye ambaye hakuongeza neno hata moja.

Tangu hapo alibeba magunia ya mahindi katika ghala moja hapa Eldoret, na kila Januari alivaa koti lake la ualimu akaenda kuomba shule ifunguliwe, mpaka sisi nyumbani tukachoka kumuuliza ameambiwa nini. Darasa lile sasa ni zizi. Vumbi la ghala lilimshika kifua mwaka 1951, akalazwa tarehe 2 Mei mwaka huu wa 1953, akafariki tarehe 19 Juni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuni na unga, na wachukuzi wenzake waliolibeba jeneza.

Jana wanafunzi wake wa zamani walikaa wanne wanne nje ya nyumba, wakayakamua maisha yake ili niwasomee, na Jelagat, ambaye sasa ni mama wa mtoto, akaniletea kilichobaki, kwamba alitufundisha kuelewa, tukaelewa, tukahamishwa vilevile. Nilitaka kuongeza neno la faraja, nikaona litakuwa povu.

Mwalimu, kaka yangu, pumzika kwa amani.